Kengele Aliyoinyamazisha Swabir

Chumba cha kompyuta cha hoteli kilipakana na chumba kidogo cha wafanyakazi cha kuswalia, ukuta mmoja tu kati yao. Humo ndimo Swabir wa Mwabungo alimofanyia kazi mwaka ule wa tisini na nane, akizilinda swichi zilizounganisha kompyuta za mapokezi na kabati la diski, mlimohifadhiwa majina ya wageni wote wa Krismasi. Swichi ikipata joto, au feni yake ikisimama, ilituma habari kwa njia waliyoiita SNMP. Hapo kompyuta ya Swabir ikapiga kengele na mstari mwekundu ukatokea kiooni. Hata umeme ukiyumba kidogo, kengele ililia.

"Hii mashine yako," Mzee Abdurahman, fundi wa viyoyozi, alimtania, "imamu akifika waladhaalin, yaitikia amina kabla yetu!"

Watu wakacheka. Swabir akaona haya. Ijumaa iliyofuata, kwa heshima ya swala, aliinyamazisha kengele, akatia nia ya kuirudisha baadaye. Lakini baada ya swala palikuwa na akika ya mtoto wa mwenzao, na nia ile ikasahaulika kwenye sinia la pilau.

Alasiri feni ya swichi moja ikasimama. Hakuna aliyesikia kitu. Swichi ikachemka, ikawa yakatika na kurudi, yakatika na kurudi, diski zikiandikwa nusu nusu, hata majina ya wageni yakavurugika. Swabir aliporudi, kioo kilikuwa kimejaa mistari myekundu kama upele. Akaifuta yote kabla ya meneja, Madam Christabel, kuingia.

"Mbona moto hivi humu? Nani ameguza hii AC?"

Lilihitajika neno moja, na Swabir hakulisema. Asubuhi ile Mzee Abdurahman alikuwa ameosha vichujio vya kiyoyozi. Basi ikasemwa ni yeye, na Mzee mwenyewe akasadiki.

"Labda sikukifunga vyema," alisema, akiitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akaambiwa akae nyumbani hadi atakapoitwa.

Siku ya vunja jungu, mlo wa mwisho kabla ya mfungo, Maimuna, mkewe Swabir, akiwa jikoni, hodi ilibishwa. Swabir akafungua mlango, akamkuta Mzee Abdurahman.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwezi u karibu, nami siwezi kuingia Ramadhani nimemuudhi mtu. Lile la mashine limekutia aibu kazini. Niwie radhi."

Swabir alifumbua kinywa aseme kweli. Yakatoka yale ambayo ulimi huyatoa siku kama ile bila kufikiri: "Nimekusamehe, Mzee wangu. Nawe unisamehe."

Mzee akamshika mkono kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda zake.

Maimuna akaandaa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Swabir akamega tonge, akalirudisha.

"Chumvi imezidi?"

"La."

"Basi mbona tonge walitazama kama limekutukana?"

Swabir akainuka bila kunawa. Alimfikia Mzee karibu na kisima, akamwambia yote: kengele, feni, mistari aliyoifuta.

"Na nilipokuja kwako, ulikuwa wayajua haya?"

"Nilikuwa nayajua."

"Ukanisamehe!" Sauti ya Mzee haikupanda. "Kazi ningepata nyingine, Diani viyoyozi ni vingi kuliko minazi. Lakini kunisamehe kosa lako mwenyewe? Nirudishie radhi yangu, Swabir."

Hakumwita mwanangu.

Walikwenda hotelini, Mzee mbele, Swabir nyuma, mkono wake ungali na mafuta ya nazi. Madam Christabel aliwasikiliza akiwa amesimama.

"Kwa hivyo uliona alarm, ukai-delete?"

"Ndiyo, Madam."

"Lete funguo. Mzee, pole sana. Kesho njoo kazini."

Swabir akaomba kwanza aingie chumbani mara moja. Akairudishia kengele sauti yake, kisha akaweka funguo mezani.

Nje alimkuta Mzee akijifunga kikoi ili atawadhe.

"Niwie radhi, Mzee."

Mzee alifungua bomba, akaosha mkono mmoja, kisha wa pili, taratibu.

"Leo mchana maneno hayo yalikutoka upesi mno," alisema. "Kaa nayo kwanza. Mwezi bado haujaandama."