Kapeti la Dada na Mbwa Wake Wawili

Miaka niliyokaa kwa dada yangu Kibaha, upande wa Tumbi, mchana nilikuwa nauza misumari na saruji, jioni naingia darasani na watu wazima wenzangu kutafuta cheti cha kidato cha nne. Nilikipata, na hadi leo nakiweka mahali panapoonekana. Lakini mtu akiniuliza nilisoma wapi hasa, moyo wangu hautaji lile darasa lenye taa ya kuzimika-zimika. Unataja sebule ya dada. Pale ndipo nilipomwona binadamu anapambana na manyoya ya mbwa kila siku ya Mungu, na kila siku anashinda.

Kapeti lenyewe lilikuwa lile la manyoya marefu, rangi ya maziwa, limeenea ukuta hadi ukuta. Shemeji alilileta kutoka Kariakoo walipohamia. Ukilikanyaga, mguu unazama mpaka kifundo. Kalamu yangu moja ilidondoka humo na naamini bado iko safarini. Mwenye akili timamu hawezi kununua kapeti la rangi ya maziwa akiwa na mbwa wawili, najua. Ila kapeti lilitangulia, mbwa wakafuata, na hakuna mtu ndani ya nyumba aliyekuwa tayari kuachia kimojawapo.

Mbwa waliletwa na wezi. Nyumba ilikuwa ya mwisho kabla ya mikorosho, na sisi ni watu wa kaskazini. Kwetu nyumba isiyo na mbwa bado haijamalizika kujengwa. Dada aliwachukua wakiwa vitoto. Mmoja akakua kahawia, kichwa kama ndoo ya lita ishirini. Mwingine alibaki mdogo, mweupe mwenye mabaka, masikio yake mawili hayajawahi kukubaliana jambo lolote. Kisha wezi wakawalisha sumu mbwa wa nyumba ya pili, na dada akaapa kwamba wake hawatalala nje tena. Wakalala ndani. Juu ya kapeti.

Sasa sikiliza alivyofanya. Asubuhi, kabla hata chai haijachemka, alichukua ndala ya mpira iliyokwisha, akapiga magoti, akaisugua kwenye kapeti kuelekea upande mmoja tu, toka ukutani kuja mlangoni. Manyoya yalikuwa yanajikusanya yenyewe, yanajiviringisha mbele ya ile ndala kama kundi la kondoo wanaojua njia ya zizini. Fagio la chelewa linayatawanya, ndala inayakamata. Kila asubuhi alitoa manyoya ya kutosha kutengeneza mbwa wa tatu, na yaliyobaki ungepata paka. Maji hayakuguswa mpaka nywele ya mwisho itoke.

"Nywele ikishalowa imehamia," alikuwa ananiambia. "Itoe ikiwa bado mgeni."

Yule mdogo akikojoa, dada hakusugua hata kidogo. Aliweka tambara kavu, akalikandamiza kwa jiwe, akabadilisha tambara, akakandamiza tena, ndipo akaja na siki iliyochanganywa na maji. Mlangoni palikuwa na beseni, na hakuna mguu wa mbwa ulioingia bila kupita hapo. Yule mkubwa alijifunza kunyanyua mguu mmoja mmoja bila kuambiwa, ametazama pembeni, kama bwana anayepimwa viatu dukani. Jumamosi tulilitoa kapeti nje, tukalitundika ukutani, tukalichapa kwa mti hadi majirani wakadhani kuna ugomvi.

Wageni walikaa sebuleni saa nzima, wakanywa soda, wakasifia kapeti. Halafu mkubwa anajitokeza nyuma ya kochi kujinyoosha, mgeni anapanda juu ya meza.

"Kumbe mna mbwa!"

Dada alikuwa anatabasamu kama amepewa digrii.

Mgeni mmoja tu ndiye aliyemshinda: mama mkwe wake. Shemeji ni mtoto wa Kibuta, kule Kisarawe, familia ya Kiislamu. Dada ni mtu wa kanisani. Walifungia ndoa bomani, pande zote mbili zikameza mate, maisha yakaendelea. Na yule mama alimpenda dada, hilo halina ubishi. Hakuwahi kuja mikono mitupu: mihogo, nazi, machungwa ya kujaza kiroba. Lakini alikuwa anatandika mkeka wake barazani, anakunywa chai yake hapohapo, na kabla ya adhuhuri ameshaaga. Miaka yote tangu mbwa waingie ndani hakuvuka kizingiti.

"Ananipenda mpaka mlangoni," dada alisema siku moja, akajicheka. Hakuwa anacheka sana.

Ndipo macho ya mama yakaanza kuingia ukungu. Akaambiwa ni mtoto wa jicho, akapangiwa kufanyiwa upasuaji hospitali ya rufaa hapohapo Tumbi, kisha awe anarudi kuangaliwa na kuwekewa dawa. Sisi tulikuwa tunaisikia honi ya magari ya wagonjwa tukiwa kitandani. Yeye, kutoka Kibuta, ingebidi azunguke hadi Dar ndipo apande tena kuja Kibaha, jicho moja likiwa na bandeji. Shemeji akampigia simu, akaiweka sauti ya nje sote tusikie.

"Mama, utakaa kwetu mpaka upone."

"Hapana, baba. Nitakuwa nakwenda na kurudi."

"Kwa barabara ile? Kwa jicho hilo?"

"Mwanangu, kwenye nyumba ya mbwa nitasali wapi?"

Aliyasema kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Dada alikuwa amesimama na ndala mkononi. Shemeji alipokata simu akasema tusijali, mama ndivyo alivyo. Dada akanigeukia mimi.

"Manyoya nayaweza," alisema. "Hili si la manyoya."

Jioni ile alikwenda uani kwa jirani yetu, mama mmoja mcheshi anayefundisha watoto madrasa, akamuuliza moja kwa moja kama mtu anavyouliza fundi.

"Pale mate ya mbwa yalipogusa, panaoshwa mara saba," jirani akamwambia. "Moja katika hizo iwe na udongo. Udongo safi. Ndivyo tulivyofundishwa sisi."

"Na kama sijui alilamba wapi?"

"Wewe unafikiri alilamba wapi?"

Dada akafikiri. "Kote."

"Basi kote, dada yangu. Pole."

Dada hajui kufanya jambo nusu. Akapanga: mama anaingia Jumapili jioni, upasuaji Jumatatu, kwa hiyo kapeti linaoshwa Jumamosi na Jumapili asubuhi linaanikwa. Chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo, kikafanywa cha mbwa, kikawekewa mlango mzima na kitasa. Mimi nikaazima karai la zege dukani. Naye shemeji, aliyekuwa ameshuka Kibuta kumjulia hali mama yake, akarudi Ijumaa na kiroba begani, anatweta, uso umejaa fahari.

"Udongo wa nyuma ya nyumba yetu," alitangaza. "Mama ataunusa tu, atajisikia nyumbani."

Ulikuwa mwekundu. Sisemi wekundu-wekundu. Ulikuwa mwekundu wa kuaibisha pilipili. Na hakuna kati yetu aliyekumbuka kumuuliza jirani ni udongo kiasi gani. Tukakubaliana, watu wazima watatu wenye akili zetu, kwamba kapeti kubwa linataka udongo mwingi. Jumamosi tukakoroga karai zima, ukawa mzito kama uji wa mgonjwa, tukaumwaga na kuusambaza. Kapeti la maziwa likawa ukuta wa tofali.

Jirani akachungulia juu ya ua.

"Jamani! Nilisema udongo, sikusema mjenge!"

Hapo ndipo bajaji ikasimama getini. Mama alikuwa amepata gari la mtu wa kwao lililokuwa linakwenda Dar siku hiyo, akaona asilipoteze. Akashuka na kapu lake na mkeka wake. Kapeti limelala juu ya benchi mbili, linatiririka wekundu. Mbwa wawili wamefungwa kwenye mkorosho, wamekwisha kuogeshwa, wanatutazama kama watu waliotukanwa. Sisi tumeiva hadi viwikoni.

"Shikamoo, mama," tukasema kwa pamoja, kama darasa.

"Marahaba." Akakodoa lile jicho lililo zima kidogo. "Hili ni kapeti au shamba?"

"Mama, ni udongo wa nyumbani huo," shemeji akajitetea.

"Naujua! Huo hautoki. Nina shuka la uzazi wako, wekundu wake upo mpaka leo. Nani kawatuma?"

Shemeji akatazama karai. Mimi nikatazama mbwa. Dada akajifuta mikono kwenye kanga, akaiharibu na kanga.

"Nilitaka upate pa kusali, mama."

Mama akalisogelea kapeti, akapitisha vidole kwenye manyoya, akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akaweka kapu chini.

"Kiganja kimoja cha udongo kingetosha, mwanangu. Kwenye maji yake." Akaanza kujifunga kanga kiunoni. "Mmefika ya ngapi?"

"Hii ya udongo ndiyo ya kwanza."

"Basi bado sita. Lete ndoo."

"Mama, jicho!"

"Jicho ndilo bovu. Mikono nimekuja nayo mizima."

Tukaosha. Nasema tukaosha, lakini ukweli ni kwamba wanawake wawili waliosha, sisi wanaume tulikuwa bomba. Dada hakuruhusu mtu asugue ule wekundu. Aliinamisha benchi moja, akamwaga maji upande wa juu, akaifuatisha ile ndala yake kutoka juu kushuka chini, polepole, akiusukuma udongo mbele yake, na mama akifuata nyuma kwa maji safi, anahesabu kwa sauti ili hata mbwa wasikie. Kapeti lilipolowa lilikuwa na uzito wa ng'ombe mwenye mimba. Maji yaliyotoka pale, nakwambia, yangejaza bwawa la kunyweshea mifugo yote ya wafugaji wa Pwani. Hadi mama alipotamka ya saba, yalikuwa yanatoka meupe. Kapeti lenyewe halikurudi tena kuwa maziwa. Lilisimamia kwenye chai ya maziwa, na hapo likakaa.

"Ndala hii nani alikufundisha?" mama akauliza.

"Mbwa wenyewe, mama."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Watu wa bara nyie!"

Sebule ilibaki saruji tupu. Dada alikwisha kuiosha vilevile, kwa kiganja kimoja cha udongo safari hii. Magharibi ilipoadhiniwa mama akasimama mlangoni na mkeka wake kwapani. Akavua kandambili. Akavuka kizingiti kama anavuka kila siku, akatandika katikati ya sebule, akasali. Dada alikwenda jikoni akawasha jiko ambalo lilikuwa tayari linawaka.

Baada ya chakula mama akatoa uamuzi wake. Kusali alikwisha kusali, kwa hiyo kapeti halikumhusu tena, lakini hivyo sivyo alivyoliona yeye.

"Siwezi kuosha kapeti la watu nikaliacha bichi," alisema. "Siondoki mpaka likauke."

Akafanyiwa upasuaji, ukaenda vizuri. Akawa anakwenda hospitali na kurudi kwa miguu, dada kamshika mkono, wanabishana njia nzima kuhusu namna ya kupika mchicha wa nazi. Mbwa walilala kwenye stoo yao na hawakulalamika, yule mkubwa alikuwa ananyanyua mguu kila alipomwona mama, na mama akimwambia kwa mbali, "Nimeuona, baki nao hukohuko." Na mvua za vuli zikaanza. Kila tulipolianika kapeti, wingu likaja. Tukalihamishia barazani, likawa linanuka kama mbuzi aliyenyeshewa, na mama akiligusa kila asubuhi na kutikisa kichwa.

Kisha mvua ikakatika, likawaka jua la Kibaha, lile la kupasua ndoo. Siku kadhaa mfululizo. Bandeji ilikuwa imetolewa. Nikarudi kutoka dukani mchana mmoja, nikawakuta wawili barazani wanachambua mchele, na kapeti limetundikwa upande wa nyuma wa ukuta, kivulini, mahali ambapo jua halijawahi kufika tangu nyumba ijengwe. Nikalishika. Lilikuwa kavu kama biskuti.

"Dada, mbona limekauka hili?"

Dada alinitazama kama anavyotazama mguu wa mbwa ulioliruka beseni. Mama akainuka bila haraka, akaja, akaingiza vidole kwenye manyoya, akavikandamiza huku macho yake yote mawili, yanayoona sasa, yametazama mikorosho.

"Bado bichi," akasema. "Kwa ndani."

"Kwa ndani kabisa," dada akasema, akaja akaligeuza upande wa pili, palepale kivulini.