Nimepata kiliya chini ya meza

Leo nimepata kiliya mukubwa, muteja wa kweli, niko nimelala tumbo chini.

Ngoja niwaelezee.

Jeran, ule musimamizi wa oteli moja hapa Nyakasanza, mara tatu nilimupelekea mikate yangu aonje. Mara tatu alinijibu: «Mama, rudia wiki kesho.» Hata kugusa, hapana. Na siye, tangu tukimbie vita ya Djugu, furu yetu ya kuchomea mikate ndiyo inatulisha.

Leo nimerudia na kitunga changu cha mikate. Kabla nimalize bonjour, tukasikia: PAA!

Munajua Bunia na masasi yake. Hakuna mutu aliuliza ni nini. Oteli nzima ilianguka chini. Nikajikuta chini ya meza, na pembeni yangu nani? Jeran mwenyewe, na kositimu yake ya koti na tai, amekumbatia muguu wa meza.

Nikamuambia polepole: «Papa, kula kidogo, roho itulie.»

Alikula mukate moja. Akachukua wa pili. Ule wa tatu hakuomba ruhusa.

Kisha mulinzi akaingia akicheka: «Mutoke! Ni tairi ya kamyo ya mizigo imepasuka!»

Jeran akasimama, akapangusa suruali, akakaza uso.

«Mama, rudia wiki...»

Makombo yakaanguka toka kwa ndevu zake. Wapishi wote wanamuangalia.

Akameza. «Mikate makumi tano. Kila asubuhi. Uanze kesho.»

Wenzangu wa biashara, mutu asipoonja, maneno yako ni bure. Muonjeshe! Lakini tafazali, musiende kupasua tairi za watu.

Na weye, kiliya wako wa kwanza ulimupatia wapi?