Mwalimu Aliyefundisha Marekani kwa Miche

Jumatatu nilikuwa sokoni Mwigobero nikichagua dagaa simu ilipoita: mwalimu wangu wa historia amefariki nyumbani kwake kijijini Buswahili. Niliwaacha dagaa mezani kwa mwenyewe, nikatafuta gari. Wasomaji wangu mnanijua, simsifu mtu eti kwa sababu amekufa. Huyu nitamsifu, tena kwa kujivuna, maana nilikaa darasani kwake. Walimu wengine walitufundisha Marekani kwa tarehe, yeye alitufundisha kwa miti. Alisimulia jinsi wahamiaji walivyoikuta misitu mikubwa, wakaifyeka kwa ajili ya nyumba, meli na mataruma ya reli, mpaka wajukuu wao waliposhtuka na kutenga siku ya kupanda miti. Alitueleza pia habari za mti mmoja wa mjini ambao watu walikutana chini yake kupinga kodi za mfalme wa Uingereza. Watu wa mfalme waliukata, wakaufanya kuni. Alituuliza kwa nini mti uogopwe hivyo.

Jibu tulilipata wiki hiyohiyo. Alitutoa nje tukapanda migrivelea, miti ya kivuli na mbao, kando ya njia ya shule, na yeye, mzaliwa wa palepale, akasahau kwamba kwetu mti mpya pembeni mwa shamba ni mpaka, na aliyeupanda anadai ardhi. Mwenye shamba la mihogo lililopakana na njia aliona shule inammegea ardhi. Asubuhi tulikuta miche yote imeng'olewa na kulazwa mlangoni mwa ofisi. Sisi tulitaka ugomvi. Mwalimu alituongoza hadi kwa yule mkulima, akamwomba radhi mbele yetu, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa mwalimu yeyote. Kisha akamwomba aipande yeye, kwa mkono wake, sisi tumwagilie tu.

Mkulima aliuliza: "Nikipanda mimi, inakuwaga yangu?"

"Yako kabisa. Hata kukata, utakata wewe."

Kiangazi kizima tulibeba madumu ya maji, na mti haukufa hata mmoja. Siku hizi naona sherehe za kupanda miti zenye turubai, hotuba na wapiga picha, na mwezi mmoja baadaye mbuzi wamekwishaimaliza. Hakuna aliyeuliza ardhi ni ya nani, wala nani atamwagilia. Mwalimu wangu aliuliza, ingawa kwa kuchelewa, na leo njia ile ina kivuli kutoka barabarani mpaka darasani. Nikipita pale huwa najiona tajiri.

Kwenye mazishi tulikuja wanafunzi wake kutoka Bunda na Musoma, baadhi yetu tukiwa na mvi. Jeneza lilikuwa zito ajabu, tukapokezana njia nzima. Mbao zilikuwa mbichi. Yule mkulima, sasa mzee wa mkongojo, alikuwa ameangusha mgrivelea wake mkubwa kuliko yote.

"Alisemaga kukata nitakata mimi," alituambia. "Basi nimekata."

Nililia bila aibu. Nimejifunza kwamba mti hauishi kwa sababu umepandwa, unaishi ukiwa na mwenyewe. Kabla hatujatawanyika, mzee alipanda mche mwingine kando ya kisiki, akatuuliza zamu ya maji ni ya nani. Jumamosi ni yangu, na dumu ninalo.