Farasi wa Tope la Garsen

Mahadi Hiribae alikwenda kambini kwa mzungu mmoja Mholanzi, mchimba mifereji, karibu na Wenje, kununua maturubai. Akarudi na farasi.

Ilikuwa mwaka 1957. Mholanzi yule alikuwa amemleta kutoka kwao farasi jike mweusi, wa aina ya Groningen, kifua kipana kama mlango wa ghala, ili avute magogo. Kisha trekta likafika. Hata huko kwao, alisema, matrekta yalikuwa yakiwamaliza farasi wa namna hiyo. Sasa yeye mwenyewe alikuwa anaondoka.

"Nitampiga risasi. Hapa mbung'o watamuua tu."

"Basi unauza mzoga, bwana," Mahadi akamwambia. "Na bei ya mzoga naijua."

Wakakubaliana: punda wa Mahadi wabebe makasha ya mzungu hadi Garsen, farasi abaki.

Barwako, mkewe, alimtazama mnyama huyo juu hadi chini. "Baba Dida, hakamuliwi, haliwi, na anakula kuliko fahali. Wa nini?"

"Wa tope la kivukoni."

Kila masika malori yalizama pale siku nenda siku rudi. Lakini masika ndipo kila Muorma huhamisha ng'ombe kutoka mtoni, kuwakimbia mbung'o. Mahadi yeye alikuwa akimpeleka mnyama wake huko huko. Akifa, Garsen nzima ingecheka.

Akamjengea kibanda, akakifukiza moshi wa samadi kutwa nzima kama wafanyavyo wachungaji zizini. Kutoka, ni alfajiri tu, kabla mbung'o hawajaamka.

"Mzee, mvute sasa! Mvua ikirudi mahindi yangu yatalowa!" akalia Karisa, dereva wa Malindi, lori limezama, jua la utosi.

"Mchana hafanyi kazi."

"Kwani huyu ni farasi au karani?"

"Karani hakutoi topeni. Funika mahindi yako, ulale. Mama Dida ana maziwa."

Alfajiri kamba ikakazika, farasi akainamisha shingo, akavuta kwa kifua chote. Lori likachomoka. Karisa akalipa bila mzaha.

Mvua zilipokatika, wachungaji wakarudi mtoni, wakitarajia kuonyeshwa kaburi. Wakamkuta farasi nyuma ya zizi anatafuna nyasi, kanenepa, na Barwako akimpigia kelele asikanyage vibuyu vyake.

Jatani, jirani yao, akamzunguka, akamzunguka tena. "Mahadi, huyu unamuuza?"

Mahadi hakuwa na nia hiyo hata chembe. Lakini alimvutia kigoda, akaagiza chai.

"Kaa kwanza," akasema. "Wewe ungetoa nini?"