Taa Nyekundu Mbele Yetu

Ukungu uliichelewesha ndege, na tuliposhuka uwanja wa Songwe usiku ulikuwa umeshakwenda mbali. Baridi ya Mbeya ilinipokea kabla ya mtu yeyote. Mume wangu alikuwa zamu kiwandani Mgololo. Alinipigia simu kusema kuna mtu atakuja kunichukua, nisihangaike.

Nje, karibu na teksi, alisimama mzee aliyevaa koti la mvua. Nilimtambua kwa masikio, kwa sababu ni masikio ya mume wangu. Furaha ikanibeba. Nikapiga goti, nikanyoosha mikono yote miwili, nikasema, "Shikamoo, baba."

Baba mkwe wangu akanipa mgongo.

Kwetu Iringa mkono ndio salamu yenyewe. Anayekunyima mkono amekunyima vyote. Lakini nilikuwa nimeolewa kwa Wanyakyusa, na kwao mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, hawapeani mkono, hawakai gari moja. Nilifundishwa yote hayo kabla ya harusi, yakanitoka pale pale nilipoyahitaji. Na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda kulala nyumbani kwake.

Mzee alimnong'oneza dereva maneno machache, akapanda pikipiki yake, akatangulia. Nilipoketi kiti cha nyuma nilimuuliza dereva mzee amesema nini.

"Nifuate taa yake," akajibu, huku akicheka kimya kimya. "Dada, umemtia mzee wa watu majaribuni. Pole yake."

Basi tukaifuata ile taa. Ilikuwa nyekundu, ndogo, ikielea kwenye ukungu kama kaa la moto lililosahau jiko lake. Barabara haikuonekana. Mbalizi ilipita kama mji wa chini ya maji: maduka yaliyofungwa, maturubai juu ya meza za soko, mbwa mmoja katikati ya mwanga. Malori ya Tunduma yalitujia moja moja, makubwa kama nyumba zinazohama, yakapita, kimya kikarudi. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye taa tu. Ikienda kasi, nilijiambia amekasirika. Ikipunguza, nilijiambia labda amenisamehe. Sijawahi kusoma kitu kwa makini namna ile.

Kwenye mteremko wa kuelekea Iyunga taa ikazimika.

Dereva akakanyaga breki. Nikawaza, ameniacha; amefika mwisho wa uvumilivu wake, nitalala mjini kwa watu nisiowajua. Tukasogea polepole. Matawi mabichi yalikuwa yametandazwa barabarani, na mbele yake lori limeharibika, halina taa hata moja. Kando ya lori alisimama mzee. Alikuwa ametupa mgongo, uso wake kaugeuzia bondeni, na mkono wake umeshika tochi nyuma ya kiuno, akitumulikia pa kupita. Maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye koti. Tulipita karibu naye kiasi kwamba ningeweza kumgusa. Hakugeuka.

Baada ya hapo mji ukaanza kujitokeza, taa zake zikining'inia mlimani bila mlima. Mwanjelwa ilikuwa imelala. Pikipiki ikatupita tena, ikatangulia mpaka Uyole.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, amejifunga blanketi. Alinikumbatia, akanipokea mzigo, akaniambia mzee aliwakatalia vijana wote waliotaka kwenda uwanjani. Alisema huyo ni wake, atamleta mwenyewe.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya banda la ng'ombe.

"Mama, mwambie mwanangu kuna maji ya moto jikoni. Asioge ya baridi."

Nikageukia migomba iliyokuwa gizani, nikamwambia mama mkwe, kwa sauti ya kufika bandani, "Mwambie baba nimesikia. Na yeye avue hilo koti, asije akaugua."