Mchanga wa Kuivishia Shanga

Nisikilize huku ukiendelea na kazi yako, uwe unachambua mchicha au unapukuchua mahindi, maana hata mimi maneno hayanitoki vizuri mikono ikiwa mitupu. Nataka kukueleza habari za mchanga, lakini lazima nianze na shanga.

Shanga ninazofundisha si za kioo wala za mbegu. Natumia udongo wa plastiki, unaouzwa kwa vipande vya rangi vilivyofungwa kama sabuni. Usipoupasha moto hubaki laini miezi na miezi. Jina hilo la udongo limewapotosha wengi. Siku ya kwanza hakosekani mtu wa kuchovya vidole majini kama anayefinyanga chungu, nami humwambia, "Kausha mikono, ndugu yangu. Huu haujui maji." Unaukanda kiganjani mpaka upate joto lako, unauviringisha uwe kamba, unakata vipande vinavyolingana, kisha unazungusha kila kimoja kati ya viganja bila kukibana. Kutoboa tunatoboa kwa kijiti cha mshikaki. Kijiti unakizungusha polepole. Ukikisukuma kwa nguvu, shanga inabonyea kama kitumbua kilichokaliwa.

Kazi ngumu ni kuivisha. Moto ukizidi, shanga zinakuwa nyeusi na kutoa moshi mbaya. Ukipungua, zinaonekana zimeiva lakini zinakatika ukizivaa. Wenye oveni hawana shida. Mimi nilijifunzia nyumbani Shinyanga kwa jiko la mkaa na sufuria kuukuu niliyoitenga, haipikiwi tena chakula. Chini unaweka mchanga mkavu ili joto lisambae, juu unapanga shanga, unafunika, na makaa yanakuwa machache sana. Ndivyo nilivyofundisha miaka yote, na sikuwahi kuulizwa swali juu ya mchanga.

Nikaitwa na kikundi cha akina mama katika kijiji kimoja upande wa Nyarugusu. Walikuwa kumi na mmoja, karibu wote wameshafanya kazi mwaloni, pale mawe yaliyosagwa na karasha yanapooshwa kutafuta dhahabu. Mwenyekiti wao alikuwa mama mtu mzima mwenye utani usiokauka. Nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba, akanitazama mikono, akasema, "Mwalimu ana kucha nzima! Huyu hajawahi kuosha mawe."

Mdogo kuliko wote alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba yake ya kwanza kufika umri huo. Mbili zilizotangulia ziliharibika. Alinieleza hayo siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida, huku akikanda kipande cha buluu. Mwaloni kazi yake ilikuwa kuchanganya zebaki, wao huiita mekyuri, kwenye karai la mchanga uliosagwa ili ikusanye chembe za dhahabu. Alichanganya kwa mikono. Muuguzi wa kliniki alimwambia aachane nayo kabisa, isiguse mikono yake na moshi wake asiuvute, kwa sababu ya mtoto.

"Ndiyo maana nimekuja huku," akaniambia. "Mume wangu amekubali. Mama mkwe ananicheka, anasema naenda kucheza na udongo kama mtoto."

"Mwache acheke," nikamwambia. "Wewe kanda."

Alikuwa na mikono tulivu. Mtu aliyezoea kuzungusha karai asimwage chembe hata moja hahitaji kufundishwa uvumilivu. Mwisho wa juma la kwanza niliwapa kazi ya nyumbani: kila mmoja aivishe shanga ishirini, alete. Wakauliza mchanga gani unafaa. Nikajibu haraka, huku nafunga mfuko wangu, "Wowote ulio laini, uliooshwa vizuri, usio na mawe."

Niliporudi baada ya siku nane tulizipanga shanga zote juu ya kanga. Za mwenyekiti zilikuwa zimeungua.

"Hizi zangu ni za msiba," akasema. "Akifa mtu, njooni kwangu."

Za yule binti mwenye mimba zilikuwa zimeiva sawasawa, buluu na nyeupe, hata moja haikubadilika rangi. Nilibonyeza moja kwa ukucha. Alama ikaonekana, ukucha haukuzama. Ndiyo dalili ya shanga iliyoiva. Nikamsifu mbele ya wenzake, nikamwomba awaeleze alivyofanya.

Akainama kwa haya, akavuta kiroba kilichokuwa nyuma yake. "Ni mchanga tu, mwalimu. Nimewaletea na wenzangu, tugawane."

Niliingiza mkono. Ulikuwa wa kijivu, laini kama unga wa muhogo, hauna hata punje moja kubwa. Mchanga wa namna ile hauokotwi mtoni.

"Umeupata wapi?"

"Mwaloni, kwenye lile rundo la marudio. Ulisema uliooshwa vizuri. Ule umeoshwa kuliko mchanga wote wa kijiji hiki."

Wenzake wakaangua kicheko. "Kumbe anapika dhahabu!" akasema mmoja. Mwenyekiti akadakia, "Tazameni shanga zake, labda zitatoka na karati!"

Nilitoa mkono kwenye kiroba. Marudio ni mchanga unaobaki baada ya dhahabu kunaswa, na zebaki haitoki yote. Nyingine inabaki humo, haionekani. Ukiuweka mchanga huo motoni, zebaki inapaa kama mvuke usio na harufu. Yule binti aliikimbia mwaloni, na mimi nimemtuma akaichukue, aipashe moto nyumbani kwake.

Nikawaeleza hayo polepole, na kicheko kikaisha. Kisha nikamuuliza aliivishia wapi.

"Ndani. Ilikuwa mvua."

"Chumba kina dirisha?"

"Nilifunga."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Nilitaka zitoke vizuri." Akashika tumbo. "Mwalimu, lakini mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza, nikakujibu vibaya. Kosa ni langu," nikasema. "Twende kliniki."

Mwenyekiti alisimama kabla yetu akatafuta bodaboda mbili. Utani wote ulikuwa umemtoka. Alimfunga binti kanga yake begani, akamwambia, "Twende, mayu," yaani mama, kama mtu anayembembeleza mama yake mzazi.

Muuguzi hakutugombeza. Aliuliza maswali yale yale niliyouliza, akaongeza mengine: kichwa kinauma, mikono inatetemeka, mtoto anacheza? Akamlaza, akaweka tumboni ile pembe ndogo ya kusikilizia mtoto, akainamisha sikio. Alikaa hivyo muda ulioniwia mrefu mno. Kisha akasema mapigo ya moyo ni mazuri, lakini hawezi kuahidi zaidi ya anachokisikia. Akamtaka afungue nyumba ipate hewa, akalale kwa ndugu siku kadhaa, atakaporudi asilichochee vumbi bali apanguse kwa kitambaa kibichi, na aende kliniki kila wiki badala ya kila mwezi.

Tuliporudi tulikifunga kiroba, na akina mama wawili wakakirudisha kwenye rundo la marudio, mbali na kisima. Sufuria aliyoivishia tuliifuata kwake, tukaitoboa kwa msumari ili mtu asije akapikia uji, tukaitupa huko huko. Zikabaki shanga.

"Na hizi?" akauliza.

Nilitaka kumwambia abaki nazo. Ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote, na nilijua mama mkwe wake alikuwa bado hajaziona. "Sijui zimenyonya nini," nikamwambia. "Nisilolijua siwezi kukuvisha."

Akazitia zote kwenye mfuko, akaufunga kwa fundo, akampa mwenyekiti akazitupe kule kule kwenye marudio.

Wiki zilizofuata nilikuwa nikipiga simu kila Ijumaa baada ya kliniki yake. Naye alikuwa akianza na neno moja, "Anacheza," halafu ndipo tunasalimiana. Alijifungua msichana kabla kidogo ya siku zake, mdogo wa mwili, mwenye sauti kubwa. Sasa anakaa mwenyewe bila kuegemezwa. Sitasema kwamba mchanga ule haukumdhuru, kwa kuwa hilo silijui, na muuguzi naye bado anamfuatilia. Mama mkwe ndiye anayemshika mtoto mama yake akiwa kwenye darasa letu la shanga.

Nawe ukitaka kuivisha shanga zako, mchanga usiojua ulikotoka usiutumie. Nunua chumvi ya mawe dukani, imimine kwenye sufuria usiyopikia chakula mpaka kina cha vidole viwili, weka kipande cha kigae juu yake, panga shanga zisigusane, funika, na ubandike kwenye makaa machache, nje ya nyumba.