Biskuti Zisizochacha

Jina la Bi Mbegu lilitokana na kazi yake. Alisaga mbegu za alizeti, akazikoroga katika maji ya magadi, akachuja, kisha akakamulia ndimu mpaka protini ikajikusanya chini kama mtindi. Aliikausha, akaitia kwenye biskuti za shule. Mtaalamu wa maabara aliyemfundisha alimweleza kwamba protini ile hujenga mwili, na tena huzuia mafuta yasichache. Kama ikishaliwa inaukinga mwili pia, hilo bado linapimwa maabara. Bi Mbegu hakungoja vipimo. Biskuti zake zilikaa miezi mitatu kabatini bila harufu, na hilo lilimtosha kutembea kifua mbele.

Jumatano ile, mzigo wa biskuti ukiwa umeshafika shuleni, alikung'uta gunia tupu la mbegu alizozitumia, ambalo wifi yake alilitoa ghalani. Kikaanguka kikaratasi chenye jina la dawa na onyo: *Mbegu za kupanda. Zimetiwa dawa. Si chakula.*

Alikumbuka maji ya kuoshea mbegu yalivyogeuka mekundu kwa rangi ya dawa, naye asishtuke, maana maganda ya alizeti siku zote huchuja rangi. Wifi yake akaapa kwamba magunia yote yalifanana. Ilikuwa saa nne kasorobo. Saa nne kamili watoto mia mbili wangepanga foleni, na kitinda mimba wake akiwamo.

Alimpigia mpishi wa shule, rafiki yake wa miaka. Simu iliita, ikaita, ikapokelewa. Hapo hofu nyingine ikamjia: neno sumu likishatoka, nani tena atakula cha mkononi mwake? Akasema watoto wasipewe, biskuti zimechacha.

Mpishi akacheka. "Zako wewe? Labda jua lichomoze magharibi. Ngoja nionje."

Kikasikika kitu kikivunjika, kisha kutafuna.

"Tema," Bi Mbegu alisema, na sauti haikuwa yake. "Mwenzangu, tema. Zina sumu. Nimekudanganya."

Yakasikika maji ya bomba, kukohoa, na mpishi akimwita mwalimu afunike sinia, mtoto asiguse kitu.

Bi Mbegu alikimbia na kikaratasi mkononi, kiatu kimoja kikabaki njiani. Zahanati ilikuwa ukuta kwa ukuta na shule, na mpishi alikuwa ameshapelekwa huko. Muuguzi alisoma jina la dawa, akauliza imemezwa kiasi gani. Mpishi hakuwa na hakika. Pengine chembe, pengine zaidi. Akaambiwa alale pale mpaka jioni, atazamwe macho na mapigo ya moyo.

Watoto walikuwa wazima, hakuna aliyeonja. Lakini mpishi kila alipofumba macho, Bi Mbegu alimgusa bega.

"Acha kunitikisa, mimi si chupa ya dawa," mpishi alisema. Kisha, bila kumtazama, akaongeza: "Ungesema kweli toka mwanzo, nisingeonja."

Bi Mbegu alikaa akitazama shuka juu ya kifua cha mwenzake, ikipanda, ikishuka, na kila iliposhuka alingoja ipande tena.